Salamu kwa Kulwa na Doto

Rhoda Jilala alibisha hodi mara ya tatu, na mara hii aliyemjibu alikuwa mbwa.

Lilikuwa geti la bati la rangi ya kijani, nyuma ya karasha la Donatus pale Segese, mashine inayosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima na kuwajaza majirani vumbi mpaka kope. Rhoda, ambaye wateja wake wa saluni walimwita Mama Davis, aliomba kimoyomoyo asitokee mtu wa kumfungulia. Angeondoka zake. Angempigia Koplo Bhoke wa polisi na kumwambia nimekwenda, sijakuta mtu, na dhamiri yake ingenyamaza angalau kwa siku hiyo. Kujitolea ni neno tamu likitajwa semina. Watu wanapiga makofi, wanagawiwa fulana. Halafu inafika asubuhi unajikuta umesimama peke yako mbele ya geti la mtu mwenye uwezo, umekumbatia mfuko wa vitenge ambavyo huna nia ya kuviuza.

Hofu yake haikuwa ya bure. Mtetezi wa watoto aliyemtangulia, mzee Mihayo, aliwahi kutoa maelezo polisi kuhusu mtoto aliyekuwa akiteremshwa kwenye duara, shimo la wachimbaji. Wiki haikuisha, watu wasiojulikana wakamvunja mkono akiwa shambani. Siku hizi anaishi kwa binti yake huko Ushetu, na simu zinazotoka Segese hapokei.

Kilichomleta Rhoda kilikuwa kauli ya mteja. Mama mmoja muuza uji, akiwa kitini anasukwa, alisema kwa Donatus kuna binti mdogo anayetumwa dukani kununua chumvi, na kila akipewa pakiti inamponyoka.

"Mikono inamtetemeka utadhani bibi kizee," alisema. "Na akiona unamwangalia, anaificha nyuma."

Rhoda alisitisha kusuka, kitana kikabaki hewani. Alishafundishwa maana ya mikono ya namna hiyo. Wachimbaji wadogo huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma juu ya moto ili zebaki ipotee na dhahabu ibaki. Moshi wake hauna rangi ya kutisha, lakini anayeuvuta siku nenda siku rudi huanza kutetemeka. Mtoto anayetetemeka Segese, mara nyingi ni mtoto anayechomeshwa zebaki.

Komeo likakwaruza. Geti likafunguka kiasi cha kupitisha uso.

"Nani?"

"Habari za asubuhi, mama. Nimepitisha vitenge. Mzigo mpya, wa Kongo."

"Nani kakwambia nataka vitenge?"

"Hakuna, mama. Najaribu bahati tu."

Mwanamke yule alikuwa Violeth, mke wa Donatus. Mrefu, msafi, wanja umekaa sawasawa hata saa zile za asubuhi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mbali, hakikuwa cha huku kwetu ambako kila neno linapitia Usukumani kabla ya kufika mdomoni. Aliangalia mfuko, akaangalia barabara nyuma ya Rhoda, kisha akamkaribisha.

Wakakaa barazani. Rhoda alikunjua kitenge cha kwanza, akaanza kusifia rangi huku macho yakifanya kazi iliyomleta. Magunia ya mawe ukutani. Jiko la kuni. Vyumba vitatu vya uani, viwili vina madirisha, cha tatu hakina. Mlango wake umefungwa kufuli kubwa, na bati la juu yake limebabuka kwa moshi. Kwenye kamba palikuwa na magauni ya watoto. Mawili ya kitambaa kimoja, urefu mmoja, na la tatu dogo kuliko hayo.

"Una watoto wangapi, mama?" aliuliza kama anayepiga soga.

"Mungu hajanijalia. Ninaye mmoja tu, wa marehemu dada yangu. Alimzaa huyo, wa kwanza na wa mwisho, akafariki." Violeth akapaza sauti. "Wema! Leta kigoda, mgeni aweke nguo zake!"

Mtoto akatoka jikoni. Alikuwa wa miaka minane hivi, tisa ukimwonea huruma. Kigoda alikibana tumboni kwa mikono yote miwili, na alikibana kwa nguvu kuliko uzito wake ulivyotaka. Alipokiweka chini, Rhoda aliona. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe. Mtoto akavificha haraka ndani ya kanga.

Rhoda akajikaza, akatabasamu, akamsalimia Kisukuma.

"Mwangaluka."

Mtoto akapiga magoti pale pale, kama alivyolelewa, akamwita mama kwa lugha yao. "Mwangaluka, mayu."

"Eh, kumbe mnaelewana," Violeth alisema, akacheka kidogo. "Mimi huyu Kiswahili chake chenyewe kinanishinda."

Rhoda akamuuliza mtoto jina lake, bado kwa Kisukuma, kwa sauti ile ile ya kubembeleza. Na mtoto, aliyeulizwa kwa lugha ya nyumbani kwao na mtu mzima mwenye uso wa upole, akasahau jina alilopewa pale.

"Shija."

"Ooo, Shija!" Rhoda akasema, na sasa akarudi kwenye Kiswahili bila hata kujua amebadili lugha. "Kulwa na Doto hawajambo?"

Yalimtoka yenyewe. Usukumani, pacha wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija. Ukikutana na Shija usiyemjua, unaulizia wakubwa zake. Ni adabu, kama vile kumuuliza mgeni habari za alikotoka. Rhoda alikuwa ameulizia akina Kulwa na Doto wasio na idadi maishani mwake. Hakuna hata siku moja swali hilo lilipomdhuru mtu.

Karasha lilisaga mawe upande wa pili wa ukuta.

"Nani kakwambia habari za Kulwa?" Violeth aliuliza.

Mwanamke huyu hakuuliza Kulwa gani. Hakushangaa. Kwa kuwa hakuwa Msukuma, hakujua kwamba jina la mtoto ndilo lililosema. Yeye alisikia majina mawili aliyoyafungia ndani yakitoka kinywani mwa muuza vitenge, akajua kuna aliyevujisha siri.

"Hakuna aliyeniambia," Rhoda alisema. "Ni salamu tu, mama. Salamu za kwetu."

"Salamu." Violeth alimgeukia mtoto. "Hao walikufa wachanga. Mapacha wa dada yangu."

Dakika chache nyuma, dada huyo alikuwa na mtoto wa kwanza na wa mwisho. Rhoda aliinama kukunja kitenge ili uso wake usisomeke. Alipoinua macho, alimkuta Shija akiangalia mlango wenye kufuli, na Violeth akimwangalia Shija.

"Ulizungumza na nani wewe, dukani?"

Rhoda alitamani kumshika mkono atoke naye mbio, hivyo hivyo, potelea mbali vitenge. Lakini mbwa alikuwa kati yao na geti, na mnyororo wake ulikuwa unafika. Akaaga. Akasema atapita siku nyingine. Hakuna aliyemwambia karibu tena, na komeo lilirudi mahali pake kabla hajavuka mtaro.

Alitembea mpaka kwenye kijiwe cha bodaboda, mahali geti linapoonekana lakini mtu ukikaa huonekani kwa urahisi. Pale ndipo alipoelewa sawasawa alichokifanya. Alikuwa ameingia katika nyumba ya watu wanaoficha watoto, akawatajia watoto wenyewe kwa majina, kisha akatoka na kuwaacha humo. Akaona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hofu, si ya mkono wake kuvunjwa, bali ya kitakachowapata hao wawili asiowaona.

Alimpigia Koplo Bhoke wa dawati la jinsia na watoto.

"Usiondoke hapo," Bhoke alisema baada ya kumsikiliza. "Geti lisikupotee machoni. Nakwenda kwa mkuu wa kituo kuchukua kibali cha upekuzi, nakuja."

"Fanya haraka."

"Nakuja, Mama Davis."

Simu ikaita tena papo hapo. Namba ngeni. Rhoda alidhani ni Bhoke anatumia simu ya ofisi.

"Mama Davis? Donatus hapa."

Sauti ilikuwa ya kistaarabu, ya mtu asiye na haraka.

"Abee."

"Nimeambiwa umepita nyumbani na vitenge. Mbona hukumwachia mama hata kimoja?"

"Hakupenda rangi."

"Pole sana. Biashara ndivyo ilivyo." Akakohoa kidogo. "Saluni yako si ile ya mbao, jirani na fundi baiskeli? Niliwahi kupita hapo. Uwe unazima pasi ya nywele ukitoka, mama. Mbao hazichelewi."

Simu ikakatika. Rhoda alikaa juu ya tofali. Davis, mwanawe, alikuwa ndani ya saluni ile ile, amelala nyuma ya pazia kwa homa. Akampigia jirani yake, fundi baiskeli, akamwomba amhamishie mtoto kwake, sasa hivi, asiulize. Fundi hakuuliza. Rhoda alipokata simu alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akarudisha macho getini. Kurudi nyumbani angeweza, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini akiondoka yeye, wale watoto hawatakuwa na mtu hata mmoja upande huu wa ukuta.

Polisi walifika na pikapu yao jua likiwa limeanza kuuma. Bhoke aliruka chini kabla gari halijasimama vizuri. Alikuwa mwanamke mfupi mzaliwa wa Tarime, mkavu wa maneno, ambaye hakuwahi kumwita Rhoda mbea hata pale habari zake zilipokuwa za umbea.

"Ngoja nikuelewe kabla sijavunja mlango wa mtu," alisema. "Ulichonacho ni jina."

"Jina linatosha. Shija hazaliwi kwanza. Mbele yake kuna mapacha."

"Kwetu mtu hurithi jina la bibi yake. Huyu naye huenda karithi."

"Kweli, hata kwetu wapo. Lakini angekuwa karithi, yule mama angeniuliza Kulwa gani. Yeye kaniuliza nani kaniambia."

Bhoke akakunjua kibali cha upekuzi.

"Kingine?"

"Magauni mawili kwenye kamba, saizi moja, kitambaa kimoja. Na chumba kisicho na dirisha."

"Twende."

Hawajapiga hatua, geti likafunguka. Canter la bluu likatoka taratibu, limejaa magunia. Bhoke akasimama katikati ya barabara, akanyoosha mkono.

Dereva alishuka mwenyewe, kofia mkononi, amejaa heshima. "Shikamoo afande."

"Marahaba. Jina?"

"Adam, afande. Napeleka mawe mwaloni, kuoshwa."

Askari wawili wakapanda nyuma. Mmoja alikuwa na ufito wa chuma. Akachoma gunia moja baada ya jingine, na kila mara chuma kiligonga mawe. Wakahamisha magunia ya katikati, wakaangalia chini yake. Mawe. Bhoke alichungulia hata uvunguni mwa gari.

Rhoda alikwenda upande wa abiria. Kabini alikuwamo mwanamke kajifunika kitenge kichwa na uso, yakabaki macho, kainamia mtoto mchanga aliyefungwa ndani ya shuka. Kitenge kilikuwa kipya, cha bei.

"Mke wangu huyo," Adam alisema nyuma yake, haraka kidogo. "Mtoto ana degedege, mama. Nawashusha zahanati nikipita."

Shuka ilikuwa inatetemeka mapajani mwa mwanamke. Rhoda alikuwa mama, alijua degedege linavyomfanya mtoto, na akili yake yote ilikuwa inatafuta mapacha, watoto wawili, wenye magauni ya kufanana. Akamwonea huruma.

"Pole, mama mtoto," alisema. "Wahini."

Mwanamke aliinua macho mara moja tu, akayashusha.

"Gari safi, afande," askari alisema toka juu.

"Nenda," Bhoke akamwambia dereva.

Canter likaondoka na vumbi lake, nao wakaingia ndani.

Violeth alikuwa ameketi barazani, miguu juu ya mkeka, kana kwamba aliwatarajia kwa chai. Shija alikuwa pembeni yake, kaogeshwa, kapakwa mafuta, kavishwa viatu. Mikono yake ilikuwa chini ya mapaja. Kamba ya nguo ilikuwa tupu.

"Huyo hapo mtoto wenu," Violeth alisema. "Mpelekeni hospitali mkampime mnachokitaka. Mume wangu atakuja na wakili."

"Ufunguo wa chumba kile," Bhoke alisema.

"Kaondoka nao Donatus. Humo mna sumu ya panya, hatuingii."

"Vunjeni."

Askari akashika nondo. Rhoda alimwendea Shija, akachuchumaa mbele yake, lakini mtoto hakumtazama. Alikuwa anatazama nondo inavyopanda na kushuka. Kila kufuli ilipogongwa, mabega yake yaliruka.

Kufuli ikaachia.

Hewa iliyotoka ndani ilikuwa ya moto na chungu, ikamkaa Rhoda kooni. Jiko la mkaa lilikuwa katikati, juu yake karai dogo jeusi. Hakukuwa na godoro, palikuwa na maboksi yaliyotandazwa. Na ukutani, amelala kwa ubavu, msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, gauni lake likiwa moja ya yale mawili. Mgongo wa gauni ulikuwa umegandamana na ngozi kwa damu.

Rhoda akapiga magoti. Hakujua ashike wapi pasipouma.

"Doto?" alinong'ona, akibahatisha.

Msichana akafungua macho. Akazungumza Kisukuma, kwa taabu, na neno la kwanza alilolisema lilimchoma Rhoda mahali ambapo hapajapona mpaka leo.

"Sikusema mimi, mayu. Sikumwambia mtu majina yetu. Anipige tu, sikusema."

"Najua," Rhoda alisema. "Najua hukusema. Ni mimi."

Mtoto hakuelewa, na Rhoda hakuwa na muda wa kumwelewesha. Nyuma yake alimsikia Bhoke akiita gari la wagonjwa.

"Kulwa yuko wapi?"

"Kaondoka."

"Na nani, mwanangu?"

"Na Adam. Mama kamfunga kitenge chake kichwani. Mimi nilishindwa kukaa, ndiyo kasema nitafuata gari likirudi." Doto akameza mate. "Kampakatisha jiwe kwenye shuka. Kasema akilia, au akilidondosha, Shija anafungiwa humu na jiko linawaka."

Rhoda alisimama. Hakuwa amemwona mtoto mwenye degedege. Aliona mikono ya Kulwa ikitetemeka chini ya jiwe, akaipa jina la ugonjwa mwingine, akasema pole, akasema wahini.

"Koplo," alisema. "Yule mke wa dereva."

Bhoke alimwangalia sekunde moja tu. Kisha akatukana kwa Kikurya, akachomoa simu na kutoka mbio, akipiga kelele kwa mtu wa upande wa pili afunge kizuizi cha barabara ya Bulyanhulu, Canter la bluu, dereva Adam, na mtu yeyote asifyatue risasi wala kufanya vitisho, kwa sababu kabini kuna mtoto.

Askari mmoja alibaki na watoto. Wa pili alikuwa amemfunga Violeth pingu. Violeth hakulia wala hakulalamika. Kuna kitu kimoja tu kilichokuwa kinamkera.

"Nani kawaambia?" alimuuliza Rhoda alipopita mbele yake. "Niambie tu. Nani?"

"Waliomzaa," Rhoda alijibu. "Walisema siku walipompa jina."

Dereva wa polisi aliendesha kama aliyechoka kuishi. Rhoda alishikilia ukingo wa kiti, akitazama kila gari la bluu linalokuja, na ndani ya kichwa chake Canter lilikuwa limeshakata kona za porini, limeshavuka kwenda mashimo mengine ya Geita, ambako mtoto anaweza kupewa jina la tatu na asionekane tena. Kama angemfunua uso. Kama angegusa shuka tu, kwa kidole kimoja. Mwanamke yeyote angelifunua shuka kumtazama mtoto wa mwenzake. Ni yeye, mtetezi mwenye cheti, aliyepita.

"Usijimalize," Bhoke alisema bila kugeuka. "Nami niliruhusu."

"Mimi ndiye niliyemwona macho."

Bhoke akamwambia dereva aongeze mwendo.

Mti wa kizuizi ulikuwa umeshushwa. Canter lilisimama mbele yake, injini inanguruma, mlango wa dereva uko wazi. Askari wa kizuizi walikuwa wametawanyika kwenye shamba la pamba pembeni ya barabara, wanamfukuza Adam, na kofia yake ilikuwa imebaki kwenye lami. Hakuna aliyekwenda upande wa abiria. Waliambiwa wasimtishe mtoto, wakamwacha peke yake.

Rhoda akafungua mlango.

Kulwa alikuwa amekaa vile vile. Kitenge kichwani, kichwa kimeinama, jiwe mapajani ndani ya shuka nyeupe. Lilikuwa zito kuliko mtoto mchanga yeyote. Mikono ilitetemeka mpaka mabegani, na vidole vimefungamana chini ya jiwe, vimekuwa vyeupe.

"Lete nikupokee, mwanangu," Rhoda alisema kwa Kisukuma.

Msichana akakumbatia jiwe zaidi. Akatikisa kichwa.

"Kwisha. Mama yule kashikwa. Shija yuko salama."

Kichwa kikatikisika tena. Kilitikisika pole pole, kwa uchovu wa mtu aliyeahidiwa mambo mengi na watu wazima. Rhoda akaelewa kwamba maneno yake hayakuwa na thamani yoyote ndani ya kabini ile, na hakuona kwa nini yawe nayo.

Akamgeukia Bhoke. "Mpigie yule askari. Mwambie ampe Shija simu."

Bhoke akapiga. Akaongea kwa ufupi, akasubiri, akasikiliza, kisha akainyoosha simu ndani ya kabini na kuiweka kwenye sikio la mtoto, juu ya kitenge. Sauti ndogo ikasikika, inasema Kisukuma kwa kasi, haipumziki. Rhoda hakuyashika maneno yote. Alilisikia jina la Doto, na neno maji, na kwamba mbwa amefungwa.

Kulwa alisikiliza mpaka mwisho. Alipumua. Vidole vikaachiana kimoja kimoja, na jiwe likabingirika, likaanguka kwenye sakafu ya gari kwa kishindo. Hakulitazama. Alishusha kitenge kutoka usoni, na Rhoda akaona kwa mara ya pili yale macho, sasa yamemkazia.

"Mayu," Kulwa alisema, "si wewe uliyenipa pole? Mbona uliniacha?"